Makao ya wazee yanafungwa na msimu wa vimbunga umekaribia: tuwalinde vipi wakazi wetu?

Zamu_ya_Usiku ameuliza:

Wanajukwaa, nawasalimu nyote, na walio wakubwa kwangu shikamooni.

Mimi ni msaidizi wa muuguzi katika makao ya wazee nchini Marekani, kwenye jimbo la pwani ambalo hupigwa na vimbunga mara kwa mara. Hivi karibuni uongozi ulituita ukatueleza kwamba makao yatafungwa, kwa kuwa mmiliki ameshindwa kuyaendesha, na kwamba wakazi wote watahamishiwa kwingine. Hatukuelezwa zaidi ya hapo. Tangu siku hiyo baadhi ya wauguzi wameacha kazi, na nafasi zao zinajazwa na watu wa muda ambao hawajui hata jina la mzee wanayemlisha. Jamaa za wakazi wanapiga simu usiku, saa ambazo ofisi imefungwa, wakiuliza maswali ambayo sisi wa ngazi ya chini hatuna majibu yake.

Wengi wa wakazi ninaowahudumia wana dimensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Yuko mama mmoja ambaye hamezi dawa mpaka aimbiwe kwanza, na yuko mzee asiyezungumza kabisa ambaye maumivu yake tunayatambua kwa namna anavyokunja vidole vya miguu. Mambo ya aina hii hayamo katika faili lolote. Yamo vichwani mwetu sisi tuliokaa nao, na sisi ndio tunaoanza kutawanyika.

Ninaomba kufahamishwa mambo machache. Sheria inamtaka mmiliki afanye nini kabla ya kufunga? Je, ni kweli kwamba mzee dhaifu akihamishwa anaweza kufa kwa sababu ya kuhamishwa tu, kama wenzangu wanavyosema? Na ikiwa kimbunga kitakuja katikati ya shughuli hii, nusu ya wakazi wakiwa wameshaondoka na wafanyakazi wakiwa wachache, ni nani anayeamua kama tukae au tuondoke? Ningependa zaidi kujua ni lipi ambalo mtu wa cheo changu anaweza kulifanya bila kuvunja sheria wala kupoteza kibali chake cha kazi.

Muuguzi_Mstaafu amejibu:

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na swali la kuhamishwa na vifo, kwa sababu mengine yote yanalitegemea hilo, na kwa sababu ni jambo ambalo wenye makao hupenda kulipita haraka.

Wenzako hawajakosea. Watafiti wa Marekani walifuatilia wakazi wenye dimensia kali katika makao yaliyokuwa kwenye njia ya vimbunga vinne, yaani Katrina na Rita vya mwaka 2005 pamoja na Gustav na Ike vya mwaka 2008, wakakuta kwamba kuhamishwa kuliongeza uwezekano wa kufa ndani ya siku 30 kwa asilimia 2.8, na ndani ya siku 90 kwa asilimia 3.9. Tena hayo ni madhara ya safari yenyewe, mbali na yale ya kimbunga. Huko Japani, baada ya tetemeko na ajali ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima mwezi Machi 2011, wazee wa makao matano ya mji wa Minamisoma walihamishwa kwa pamoja, na uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba hatari yao ya kufa ilipanda hadi mara 2.7 ya ilivyokuwa kabla.

Hata hivyo, katika uchunguzi huo wa Japani kuna jambo ambalo ningependa ulizingatie kuliko hizo takwimu. Umbali wa safari haukuonekana kuwa na uzito wa maana. Kilichotofautiana sana ni makao na makao: baadhi yalipoteza wazee wengi, na mengine, yaliyohama kutoka mji uleule kwa sababu ileile, hatari ya kifo haikupanda. Watafiti waliona kwamba maelezo ya tofauti hiyo yanapaswa kutafutwa katika matunzo, yaani mzee alitayarishwa vipi kabla ya kuondoka, alihudumiwa vipi njiani, na waliompokea walikuwa wanamfahamu kiasi gani. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema kwamba mauti ya namna hii hayaepukiki kwa kuwa wazee walikuwa wamechoka hata hivyo.

Ukitaka kujua inavyotokea, fikiria siku tatu za kwanza katika makao mapya. Mzee mwenye dimensia hutegemea mazingira kumkumbusha kile ambacho akili haishiki tena: choo kiko upande gani, sauti hii ni ya nani, chakula huja wakati gani. Vikiondolewa vyote kwa mara moja, anachanganyikiwa, anakataa kula, anainuka usiku kutafuta mlango ambao haupo, anaanguka. Mlezi mpya hajui kwamba huyu ni lazima apewe vinywaji vilivyofanywa vizito, anampa maji ya kawaida, yanampalia, na baada ya siku chache ana homa ya mapafu. Mwingine anakosa dawa ya kuzuia damu kuganda kwa sababu orodha ya dawa haikufika, au anapewa mara mbili kwa kuwa orodha zimefika mbili. Anayelala kitandani hageuzwi kwa saa zilezile alizozoea, na kidonda kinafunguka. Katika cheti cha kifo itaandikwa homa ya mapafu au maambukizi ya damu. Kuhama hakutaandikwa.

Kwa hiyo jambo unaloweza kulifanya wewe, na ambalo hakuna mwingine anayeweza kulifanya vizuri zaidi, ni kuyatoa kichwani hayo unayoyajua na kuyaweka kwenye karatasi. Mwombe muuguzi wa zamu akuruhusu uandike ukurasa mmoja kwa kila mkazi: anavyopenda kuitwa, lugha anayoielewa, anavyoonyesha maumivu, anavyomeza, anavyohamishwa kutoka kitandani na kwa watu wangapi, saa zake za choo, kinachomtisha na kinachomtuliza. Huo wimbo wa mama yule uandike, na uandike ni upi. Andika kwa uangalifu kama vile msomaji hajawahi kumwona mtu huyo, kwa kuwa ndivyo itakavyokuwa. Ukurasa huo usikae nawe. Mkabidhi muuguzi auingize katika mpango wa matunzo, ili uwe sehemu ya kumbukumbu rasmi na usafiri pamoja nazo. Taarifa za wakazi usizihifadhi kwenye simu yako hata kwa nia njema, maana hapo ndipo watu hupoteza vibali.

Mfuatilia_Sheria amejibu:

Ndugu Zamu_ya_Usiku, nitajibu upande wa sheria. Mimi si wakili wako na majimbo yana nyongeza zao, lakini kanuni za serikali kuu zinayahusu makao yote yanayopokea malipo ya Medicare au Medicaid, yaani bima za afya za serikali kwa wazee na kwa wenye kipato kidogo, na hayo ndiyo karibu makao yote.

Tangu mageuzi ya sheria ya afya ya mwaka 2010, msimamizi mkuu wa makao yanayofungwa analazimika kutoa taarifa ya maandishi angalau siku 60 kabla ya tarehe ya kufunga. Taarifa hiyo huenda kwa idara ya jimbo inayokagua makao, kwa ombudsmani wa huduma za muda mrefu, yaani mtetezi rasmi wa wakazi, kwa wakazi wenyewe na kwa wawakilishi wao wa kisheria. Baada ya taarifa kutolewa, makao hayaruhusiwi kupokea mkazi mpya. Pamoja na taarifa lazima kuwe na mpango wa kuwahamisha wakazi, uliokubaliwa na jimbo, unaohakikisha kwamba kila mmoja anapelekwa mahali panapomfaa zaidi kwa ubora, kwa huduma na kwa eneo, huku mahitaji yake, chaguo lake na maslahi yake yakizingatiwa. Hilo neno chaguo limewekwa humo kwa makusudi. Mzee hapelekwi kwenye makao dada ya mmiliki yuleyule kwa sababu tu kuna vitanda vitupu huko.

Wajibu huu umewekwa juu ya msimamizi binafsi, na akiupuuza anaweza kutozwa faini ya hadi dola 100,000 na kuzuiwa kushiriki katika mipango ya afya ya serikali kuu. Ninalitaja hili kwa sababu msimamizi anayeshinikizwa na mmiliki afunge haraka huwa na sababu yake mwenyewe ya kukataa, na wakati mwingine hajui kwamba anayo. Aidha, serikali kuu ina mamlaka ya kuendelea kulipa makao mpaka wakazi wote wawe wamehamishwa, kwa hiyo maneno kwamba fedha zitakatika mwisho wa mwezi, basi waondoke wote wiki hii, yasipokelewe bila kuulizwa.

Mtu wa kumtafuta mapema ni ombudsmani. Kila jimbo linaye kwa mujibu wa sheria ya Marekani kuhusu wazee, kazi yake ni kumtetea mkazi, na hatozi chochote. Jina na simu yake lazima vibandikwe mahali wakazi wanapoweza kuviona, na jamaa wanaopiga simu usiku unaweza kuwaelekeza kwake bila kuingilia mambo ya uongozi. Wewe pia unaweza kumpigia. Kanuni zinakataza makao kumlipizia kisasi mkazi au mfanyakazi kwa kutoa malalamiko. Ikiwa watumishi wanapungua kiasi kwamba wazee hawahudumiwi, hilo ni la kuripotiwa kwa idara ya jimbo mara moja, kwa sababu jimbo lina njia zake, ikiwemo kuweka uongozi wa muda.

Jambo moja dogo ambalo husahaulika: wakazi wengi wamewekesha fedha zao kidogo za matumizi katika akaunti inayotunzwa na makao. Mkazi anapoondoka, fedha hizo na hesabu yake ya mwisho zinapaswa kumfikia ndani ya siku 30. Makao yakishafungwa milango, kuzidai ni kazi ngumu kweli, kwa hiyo jamaa waziulizie sasa.

Mratibu_wa_Dharura amejibu:

Nimesoma majibu yaliyotangulia na ninakubaliana nayo, lakini ningependa kuonya kuhusu namna takwimu za Muuguzi_Mstaafu zinavyoweza kusomwa. Kuna wasimamizi ambao wakisikia kwamba kuhamisha kunaua, huchukua hiyo kuwa ruhusa ya kukaa na kusubiri. Katika kimbunga Katrina, makao mamoja katika wilaya ya St. Bernard, Louisiana, hayakuhamisha wakazi wake, maji yakaingia, na watu 35 wakafa humo. Wamiliki walishtakiwa na hatimaye mahakama ikawaachilia mwaka 2007, lakini wale 35 walikwisha kufa.

Kwa upande mwingine, wiki chache tu baada ya hapo, wakati wa kimbunga Rita, basi lililobeba wazee kutoka Bellaire, Texas, lilisafiri usiku kucha katika msongamano wa magari, likashika moto karibu na Wilmer alfajiri ya tarehe 23 Septemba 2005, na abiria 23 wakafa. Chanzo kilikuwa beringi ya gurudumu iliyokosa grisi, ndani ya basi kulikuwa na mitungi ya oksijeni, na wengi wa abiria hawakuweza kuinuka wenyewe. Kwa hiyo swali la kukaa au kuondoka halina jibu moja. Lina masharti, na masharti hayo yanaweza kuchunguzwa kabla mawingu hayajakusanyika.

Anayeamua, kwa kawaida, ni msimamizi wa makao, isipokuwa pale mamlaka za serikali zinapotoa amri ya lazima ya kuhama. Ili aamue vizuri lazima ajue mambo yanayohusu jengo: je, liko katika eneo la mafuriko ya bahari? Je, jenereta iko juu ya kiwango cha maji, na je, inaendesha nini hasa? Swali hili la mwisho lina historia yake. Mwezi Septemba 2017, baada ya kimbunga Irma, makao mamoja ya Hollywood, Florida, yalipoteza umeme wa mtambo wa kupoza hewa. Jenereta ilikuwepo, ila haikuunganishwa na mtambo huo. Wazee walikaa katika joto kwa siku kadhaa, na vifo 12 vikahusishwa na hali hiyo, ilhali hospitali kubwa ilikuwa ng'ambo ya barabara. Baada ya hapo Florida iliweka sheria mwaka 2018 kwamba makao yawe na nishati ya akiba inayoweza kuzuia joto la ndani lisizidi nyuzi 27 za Selsiasi kwa muda usiopungua saa 96. Mimi husema wazi kwamba katika jengo lililo juu ya mafuriko, lenye umeme, maji, dawa na watumishi, wazee hubaki salama zaidi kuliko barabarani. Kimoja kati ya hivyo kikikosekana, uamuzi hubadilika, na katika makao yenu yanayofungwa kinachokosekana tayari ni watumishi.

Kanuni za serikali kuu kuhusu dharura, zilizoanza kutekelezwa mwezi Novemba 2017, zinayataka makao yawe na mpango wa maandishi unaohuishwa kila mwaka, mikataba na makao mengine ya kupokea wakazi, njia ya kufuatilia kila mkazi yuko wapi, na mazoezi. Mpango huo haukomi kwa sababu makao yametangaza kufungwa. Unatumika mpaka mkazi wa mwisho atoke. Tatizo ni kwamba mpango uliandikwa kwa makao yaliyojaa watumishi na yenye mikataba hai. Muulizeni msimamizi, ikiwezekana kwa maandishi, kama kampuni ya mabasi na ya ambulensi bado inalipwa, na kama yale makao yaliyoahidi kuwapokea bado yana nafasi baada ya kuchukua wakazi wenu wa kwanza. Mara nyingi kampuni moja ya usafiri imeahidi magari yaleyale kwa makao kadhaa, na hilo hugundulika siku ya kimbunga.

Ulizeni pia mahali pa kupokelewa ni mahali gani hasa. Mwezi Agosti 2021, kabla ya kimbunga Ida, wakazi zaidi ya 800 wa makao saba ya Louisiana walipelekwa katika ghala moja mjini Independence. Katika karatasi hao walikuwa wamehamishwa salama, wakati ukweli ni kwamba walilala chini kwenye magodoro, vyoo havikutosha, na kadhaa walikufa. Jimbo lilifuta leseni za makao yote saba.

Kuhusu siku yenyewe, sitataja mengi, kwa sababu wewe utapewa maelekezo na wenye zamu. Hakikisha tu kwamba kila mkazi ana bangili ya utambulisho mkononi kabla ya kutoka chumbani, kwamba dawa zake za siku kadhaa ziko katika mfuko wenye jina lake na zinapanda gari lile analopanda yeye, na kwamba mtu mmoja amesimama mlangoni akiandika nani ameingia gari gani. Anayetumia insulini au oksijeni asiwekwe katika gari lisilo na mtu anayejua kuzitumia. Agizo la daktari kuhusu kufufuliwa au kutofufuliwa moyo ukisimama lisafiri na mkazi mwenyewe, si katika sanduku la mafaili linalofuata kesho.

Zamu_ya_Usiku amejibu:

Ninawashukuru sana, na wewe Mama Muuguzi hasa, kwa kuwa umenipa kazi ambayo nitaianza zamu hii hii. Nitamwomba pia muuguzi wa zamu anionyeshe mpango wa dharura, ambao sijawahi kuuona.

Limebaki jambo moja linalonisumbua. Wakazi wenye dimensia tuwaeleze au tusiwaeleze? Uongozi umesema tusiwaambie lolote mpaka asubuhi ya kuondoka, ili wasihangaike. Lakini wanaona masanduku kwenye korido, wanaona wenzao wakiondoka, na wananiuliza. Sipendi kuwadanganya.

Binti_wa_Mkazi amejibu:

Dada, ninajibu nikiwa mtu wa upande wa pili. Makao aliyokuwa akiishi mama yangu yalifungwa, na yeye ana dimensia. Sitaeleza yote, nitataja yale yaliyoleta tofauti.

Hatukumficha. Hatukumpa pia habari yote kwa mara moja. Tulimwambia kwa sentensi fupi kwamba atahamia chumba kingine, kwamba sisi tutakuwa naye, na kwamba kiti chake kitakwenda. Alisahau, akauliza tena, tukamwambia maneno yaleyale kwa sauti ileile. Kinachowatia hofu wazee hawa, kwa nilivyoona, ni nyuso za watu wanaojua jambo na hawalisemi. Tarehe aliisahau kabisa, lakini alipofika hakuwa na ule mshtuko niliouona kwa jirani yake, ambaye aliamshwa siku hiyo akaambiwa avae viatu.

Msaidizi mmoja aliyekuwa akimwogesha alikubaliwa kwenda naye mpaka makao mapya na kukaa hadi baada ya chakula cha mchana. Alimwonyesha mlezi mpya namna ya kumsogelea kutoka upande wa kushoto, kwa kuwa jicho la kulia haoni. Sidhani kama kuna karatasi ambayo ingefanya kazi hiyo vizuri hivyo. Chumba tulikwisha kukipanga mapema, kitanda kikiwa upande uleule wa dirisha, picha zake zikiwa ukutani, blanketi lake likiwa halijafuliwa ili liwe na harufu anayoijua. Alihamishwa asubuhi, wakati akili yake huwa imetulia. Jioni huwa hafai kwa lolote, na nafikiri wengi wenye hali hii wako hivyo. Tuliomba pia asitenganishwe na rafiki yake wa mezani, na ombi hilo lilikubaliwa kwa sababu tulilitoa mapema, kabla vitanda havijagawanywa.

Tulichokipoteza ni miwani, meno ya bandia na kifaa cha kusikilizia. Vilikuwa katika mfuko ambao hakuna aliyeuona tena. Wanaoshughulika na uhamisho huviona kuwa vitu vidogo, ilhali mtu asiyeona, asiyesikia na asiyeweza kutafuna huonekana kwa wageni kama mtu ambaye dimensia yake imezidi ghafla, na huanza kupewa dawa za kumtuliza. Ninawaomba ninyi mnaobaki hadi mwisho: vitu hivyo viwe mwilini mwa mzee anapotoka mlangoni.

Mtunzaji_Uingereza amejibu:

Nachangia kidogo kutoka Uingereza, ambako suala hili liliwahi kuitikisa nchi nzima. Mwaka 2011 kampuni ya Southern Cross, iliyokuwa na makao yapatayo 750 na wakazi wapatao 31,000, iliporomoka kifedha. Makao hayo yalikabidhiwa kwa waendeshaji wengine, kwa hiyo wazee wengi walibaki katika vyumba vyao na walezi wao wakabaki nao. Sheria ya matunzo ya mwaka 2014 ikaja kuweka wazi kwamba mwendeshaji akifilisika, serikali ya mtaa inawajibika kwa muda kuhakikisha mahitaji ya mkazi yanatimizwa, hata kama mkazi huyo alikuwa akijilipia mwenyewe.

Ninalisema hili kwa sababu sijaona mtu akiuliza kama makao ya ndugu yetu ni lazima yafungwe. Kubadilisha mwendeshaji huku wazee wakibaki walipo ndiyo njia yenye madhara machache kuliko zote, na hujadiliwa kwa nadra kwa sababu mmiliki tayari anawaza thamani ya kiwanja. Upande wa pili wa jambo hilo ulionekana Australia mwezi Julai 2019, katika makao ya Earle Haven huko Gold Coast, pale ugomvi wa kibiashara kati ya mmiliki na kampuni iliyokuwa ikiyaendesha ulipofanya huduma zikatike siku hiyo hiyo, na wazee karibu 70 wakaondolewa kwa magari ya dharura.

Mfuatilia_Sheria amejibu:

Hoja ya Mtunzaji_Uingereza ni ya msingi. Nchini Marekani jimbo linapopokea mpango wa kufunga linaweza kuuliza kama kuna mnunuzi, na jamaa wakiungana na kumwandikia ombudsmani pamoja na mbunge wao wa jimbo, swali hilo huulizwa kwa uzito zaidi. Sitaki kumpa mtu matumaini yasiyo na mshiko, maana makao mengi hufungwa kweli. Lakini siku 60 zinatosha kuuliza.

Kuhusu agizo la kutowaambia wakazi lolote: halipatani na kanuni. Mkazi ni miongoni mwa watu wanaopaswa kupewa taarifa ya maandishi, na ana haki ya kushiriki katika mpango wake wa matunzo, ukiwemo wa kuhama, kwa kadiri uwezo wake unavyoruhusu. Kuwa na dimensia hakumwondolei haki hiyo. Kunamfanya mwakilishi wake ahusishwe pia. Ukiulizwa na mkazi, unaweza kusema kwa ukweli kwamba kutakuwa na mabadiliko na kwamba utamwita muuguzi amweleze, kisha umwite kweli.

Muuguzi_Mstaafu amejibu:

Binti_wa_Mkazi ameeleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza, na nitaongeza kuhusu kipindi ambacho hakuna anayekisimamia, yaani baada ya kuwasili. Makao yanayofungwa huona kazi imekwisha gari likiondoka, na yanayopokea huwa bado hayajamjua mgeni wao. Hizo takwimu za vimbunga nilizozitaja juu zinahesabu vifo ndani ya siku 30 na 90. Hatari haiishii mlangoni.

Mwanangu, mwombe mkuu wa wauguzi apange kwamba muuguzi wenu ampigie muuguzi wa huko siku ya kuwasili na tena baada ya siku mbili au tatu, kwa kila mkazi, wasome pamoja orodha ya dawa moja baada ya nyingine, na waulizane kama mzee anakunywa maji, kama amekula, kama ngozi ya mgongoni na visiginoni ni nzima. Mpokeaji apime uzito wa mzee siku ya kwanza na aendelee kuupima kila wiki, maana uzito hushuka kabla mtu hajasema lolote. Na yeyote anayekuja na maelezo kwamba ametulia sana siku hizi, achunguzwe siku hiyo hiyo. Mzee aliyezoea kuhangaika, ambaye ghafla amekuwa kimya baada ya kuhamishwa, mara nyingi ni mgonjwa.

Huyo mzee wako wa vidole vya miguu ndiye ninayemhofia zaidi, kwa kuwa hana namna nyingine ya kusema. Karatasi yake iandike kwanza, na uombe ruhusa uwe wewe utakayekwenda naye.